Ojala Aliyekatazwa Sauna

Daktari alimwambia Wes Ojala, bila kupepesa jicho, kwamba amekuwa akiyapika makende yake kwa miaka ishirini na ushee, na kwamba yamekaribia kuiva.

Hakutumia maneno hayo hasa. Daktari Petrosky wa Marquette ni mama mwenye heshima zake, mfupi, miwani imening'inia kifuani, na alichosema ni "joto la mara kwa mara katika eneo la korodani." Lakini Wes alisikia alichosikia. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, kofia yake ya manyoya mikononi, mkewe Bianca ubavuni, na karatasi ya majibu iko mezani katikati yao.

"Milioni nne," Daktari akasema. "Kwa kila mililita."

Wes akashusha pumzi, hata akatabasamu. "Milioni nne si haba, Daktari. Kule kwetu Keweenaw, rasi nzima, watu wenyewe hatufiki elfu hamsini."

"Bwana Ojala, sisi tunaanza kuridhika mbegu zikifika milioni kumi na tano. Na hizo nne zako, nusu hazitembei kabisa. Zilizobaki zinazunguka palepale kama gari lililokwama kwenye theluji."

Mfano huo ulimchoma, maana kazi ya Wes ni kuendesha lori la kusukuma theluji barabarani, na watu waliokwama ndio anaowacheka mchana kutwa.

Maswali yakaanza. Anavuta? Havuti, ila anabana ugoro chini ya mdomo, kopo moja kwa siku, mawili kukiwa na dhoruba. Pombe? Bia tu, za kawaida. Za kawaida ni ngapi? Wes akatazama dari. Kwa usiku analala kwa saa ngapi? Theluji ikianguka, ni saa nne tu, na kwao theluji huanza Novemba ikachoka Aprili. Kiti cha lori kina kipasha joto? Kinacho, na huwekwa kwenye namba tatu kwa sababu namba nne haipo. Akitazama hoki kompyuta anaiweka wapi? Mapajani. Na ndani anavaa nini? Suruali mbili za sufu za kubana, moja juu ya nyingine.

"Na sauna?"

Hapo Wes alishangaa kwa dhati. Kumuuliza Mfini habari za kile kibanda cha mbao cha kujifukiza kwa mvuke ni kama kumuuliza kama huwa anakula. "Jumamosi kwa baba," akasema. "Na Jumatano. Na Jumapili kama kuni zimebaki. Na nikitoka zamu."

"Unakaa humo dakika ngapi?"

"Mpaka kaka yangu atoke kwanza."

Daktari akaandika hilo, akalipigia mstari chini. Kisha akaeleza taratibu, kama mtu anayeongea na mgonjwa wa sikio. Mbegu za mwanaume hutengenezwa kwa siku sabini na kitu. Vile viungo vimening'inizwa nje ya mwili kwa sababu vinataka ubaridi kidogo. Akivipoza, akaacha ugoro, akapunguza bia, akalala kama binadamu, wapime tena baada ya miezi mitatu. Huenda mambo yakabadilika. Hakuahidi. "Kitu ninachoweza kukuambia kwa uhakika," akasema, "ni kwamba mkeo hana tatizo lolote. Hakuwa nalo tangu mwanzo."

Bianca alikuwa anaitazama ile karatasi.

Miaka minne Bianca alikuwa amepimwa kila kinachopimika. Walimwingizia rangi kwenye mirija, wakampiga picha, wakampa vidonge vilivyomfanya alie akiona tangazo la matairi. Sindano alijidunga mwenyewe tumboni kila jioni, ameketi ukingoni mwa bafu, huku mumewe yuko sebuleni anapiga kelele kwamba lile goli si halali. Kila daktari alipouliza kama bwana naye amepimwa, bwana alikuwa zamu. Na apimwe nini? Ojala wote huzaa. Kaka yake Duane ana wanne, na hakuna hata mmoja aliyepangwa. Kwa hiyo ukoo mzima ulishakata shauri kwamba kasoro ni ya Bianca, yule binti wa Kiitaliano kutoka Calumet, mwembamba mno, mwenye miguu baridi.

Miguu baridi ulikuwa utafiti wa mama mkwe. Lempi Ojala aliamini kwamba baridi hupanda kutoka kwenye nyayo mpaka kwenye kizazi, na kila Krismasi alimfumia Bianca soksi za sufu, kila mwaka ndefu zaidi. Humkabidhi mbele ya watu, humpapasa tumbo, husema, "Mwaka huu, eh, mwanangu?" Hakuwa na roho mbaya hata kidogo, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kumjibu.

Katika gari, kabla hawajatoka hata kwenye maegesho, Wes alimwomba mkewe kitu kimoja: asimwambie mtu.

"Sawa," Bianca akasema. "Mama yako akinipapasa tena nitameza. Nimemeza miaka minne, miezi mitatu hainiui. Lakini ukitia kisigino kwenye ile sauna, Wes, hata kisigino, narudi kwetu Calumet. Sindano nitakuachia ujidunge mwenyewe."

"Sitaingia."

"Niangalie usoni useme."

"Sitaingia, Bianca. Naapa."

Mwezi wa kwanza alijitahidi, haki yake apewe. Alizima kipasha joto cha kiti, akawa anarudi nyumbani makalio yameganda. Ugoro aliupiga vita kwa kutafuna mbegu za alizeti, mpaka sakafu ya lori ikajaa maganda na mwenzake wa zamu akamuuliza kama anafuga kasuku. Bia ikabaki moja ya Ijumaa. Suruali za kubana alizitupa akanunua bukta pana, na wiki nzima alitembea akihisi kama kengele ya kanisa. Mapajani hakuruhusu kompyuta wala paka. Akalala kwa saa nane nzima kila usiku, akakoroma, na Bianca akamshukuru Mungu kwa mkoromo ule kwa mara ya kwanza tangu waoane.

Kilichomshinda ni Jumamosi. Kwa akina Ojala, Jumamosi saa tisa alasiri moto unakuwa umeshakolea kwenye sauna ya mzee Ensio, wanaume wanaingia kwanza, wanawake wanafuata, kisha kahawa, soseji na mkate wa iliki jikoni kwa Lempi. Asiyefika ama amelazwa ama amefungwa. Jumamosi nne za kwanza Wes alisingizia theluji, na kweli mbingu zilimsaidia. Ya tano jua liliwaka, naye akasema theluji vilevile, kwa mazoea.

Jumatatu yake baba yake alimfuata kazini. Wes alikuwa ameegesha lori kando ya barabara anakula kipande cha pai ya nyama na viazi, mara mlango ukafunguliwa, Ensio akapanda, akaketi, akainuka tena.

"Kiti chako kina nini? Mbona baridi hivi?"

"Kimeharibika, Baba."

"Jumamosi tano."

"Theluji, Baba."

"Theluji gani? Juzi nimeanika nguo nje." Mzee akatazama mbele, kwenye barabara nyeupe isiyo na gari. "Umegombana na Duane?"

"Hapana."

"Umeokoka? Maana hata walokole wanaingia sauna."

"Sijaokoka, Baba."

"Basi ni mke."

Wes angeweza kusema. Walikuwa wawili tu, mlango umefungwa, hakuna hata redio. Badala yake akauma pai na kutafuna, na kutafuna kimya mbele ya Ensio Ojala ni sawasawa na kutia sahihi.

"Nilijua," mzee akasema. "Mama yako alinambia. Anasema mtoto hakuna, sasa na sauna hakuna, huyo msichana atatuachia nini? Mwambie mimi nilizaliwa sauna. Mama yangu alipanda kwenye benchi akiwa mmoja, wakashuka wawili. Sauna haijamdhuru Ojala yeyote. Jumamosi, saa tisa."

Akashuka. Hapo ndipo Wes alipostahili kofi, na ni bahati yake kwamba aliyestahili kumpiga hakuwepo. Mkewe alikuwa amesingiziwa tumbo, sasa akaongezewa na sauna, na mwanaume mzima wa miaka thelathini na saba ameketi kwenye kiti baridi anakung'uta makombo.

Badala ya kutafuta ujasiri, akatafuta barafu. Mfini wa Keweenaw hukua akijua kwamba baridi hulifuta joto. Unaiva kwenye benchi la juu, unatoka mbio unajitupa kwenye theluji, mahesabu yanarudi sifuri, unaingia tena. Wes aliwaza juu ya jambo hilo siku nne na akaona kwamba Daktari Petrosky, pamoja na vyeti vyake vyote ukutani, hakulielewa kwa sababu si mtu wa huku. Sauna haikuwa tatizo. Tatizo ni kungoja mpaka utoke ndipo upoe. Yeye angepoa humohumo ndani, na mahali penyewe tu. Alijisifu kimoyomoyo.

Kwa Bianca alisema atakaa chumba cha kuvulia nguo, anywe kahawa, aseme ana mafua.

"Na nguo zako mwilini?"

"Na viatu."

Bianca alimtazama kitambo. Kisha akaenda naye, kwa sababu Lempi alikuwa amemwomba aje amsaidie kukanda mkate.

Friza ya Lempi iko kwenye banda la gari. Wes alipoifungua hakukuta barafu hata kipande. Alikuta kulungu mzima vipandevipande, samaki, na mifuko ya rasiberi, vitunda vyekundu alivyochuma mama yake mwenyewe Agosti, kila mfuko umeandikwa tarehe. Akachukua mmoja, akaufunga ndani ya taulo, akavuka ua huku amejikunyata kama mwizi wa kuku.

Ndani, Ensio alikuwa ameshakaa benchi la juu karibu na ndoo ya maji, mwekundu na mwenye amani. Duane alikuwa benchi la chini, pembe ya pili, tumbo limelala mapajani, upara unang'aa. Wes akapanda juu, nyuma ya utosi wa Duane, akaketi na taulo kiunoni.

"Tangu lini Ojala akajifunika?" Duane akauliza.

"Nina upele."

"Wapi?"

"Unafikiri wapi?"

"Huo upele umeuokota wapi, mwanaume una mke? Au ndiyo sababu ya Jumamosi tano?" Duane akacheka peke yake. "Baba, mtoto wako ana upele wa siri."

"Mwache," Ensio akasema, akamwaga maji kwenye mawe. Mvuke ukapanda, ukagonga dari, ukawashukia mabegani.

Dakika tano za kwanza hakukuwa na mwanaume Keweenaw nzima aliyekuwa na makende baridi kuliko Wes. Juu anaungua, katikati anaganda, machozi yanamtoka, na alishukuru kwamba ndani ya sauna kila mtu hutoa maji machoni. Akaibana mifuko ile, wa Mungu na wa Lempi, akasema moyoni kwamba sayansi ni kujaribu.

"Lakini, Wes, nikuambie kama kaka," Duane akaanza, mgongo umemgeukia. "Mwanamke akishakukataza sauna, kesho atakukataza nyama. Na bado hajakuzalia. Mimi nikipiga chafya tu, Kristin ana mimba."

"Basi acha kupiga chafya," Wes akasema.

Ensio akamwaga kata nyingine. Ya tatu. Plastiki ni plastiki, na mapaja ya Wes yalikuwa yamebana kwa hasira. Mfuko ukafunguka mdomo bila sauti. Tone la kwanza lilipita kwenye upenyo wa mbao na kumwangukia Duane utosini, naye akalifuta kama jasho. La pili akalifuta pia. La tatu likamtelemkia puani, akatazama kiganja chake, akainua macho, akaona miguu ya mdogo wake imechirizikwa na wekundu mbichi kutoka kwenye kinena mpaka vifundoni.

Duane Ojala anachuna kulungu huku anakula mkate. Lakini alipiga ukelele uliomtoa Ensio kwenye benchi, akapiga mlango teke, akatoka uchi uani, kwenye theluji ya magoti, akilia, "Mama! Mama! Wes anatoka damu kunako!"

Wanawake walikuja mbio, Lempi na kisu cha mkate, Bianca na unga mpaka viwikoni. Wes alikuwa amesimama mlangoni pa sauna, taulo kifuani kwa kuchanganyikiwa, mvuke unamfuka, mapaja mekundu. Lempi akasogea, akainama, akavaa miwani. Akanyoosha vidole viwili, akabandua kitu kidogo kwenye paja la mwanawe, akakigeuza kwenye mwanga.

"Hizi ni rasiberi zangu," akasema.

Wakaingia jikoni, maana nje kulikuwa na baridi ya kuvunja meno. Wanaume watatu wakasimama na mataulo yao karibu na jiko. Bianca alibaki mlangoni. Hakuhitaji kuelezwa. Alitazama miguu mitupu isiyo na viatu, akatazama uso wa mumewe uliopikika, na Wes akaona jinsi anavyoelewa, kitu kimoja baada ya kingine.

"Rasiberi zangu zinafanya nini huko chini?" Lempi akauliza.

"Alisema ni upele," Duane akadakia. "Na mimi najua upele wa namna hiyo hautoki hewani. Muulizeni mkewe aliku..."

"Funga mdomo wako, Duane," Wes akasema.

Alikuwa hajawahi kumwambia hivyo kaka yake, na sauti yenyewe ilimshtua. Akaona kwamba akinyamaza sekunde moja zaidi, hilo nalo litakuwa la Bianca.

"Ni mimi," akasema. "Mtoto hapatikani kwa sababu yangu. Bianca ni mzima, alikuwa mzima siku zote. Daktari amenipima. Joto la sauna, kiti cha lori, ugoro, bia, vyote pamoja. Amenikataza sauna miezi mitatu, na mimi nikaona aibu kuwaambia. Nikawaacha mseme ni mke wangu. Nimewaacha miaka minne."

Duane akatoa kicheko kimoja puani. Hakupata mwenzake, kikafia hapohapo.

"Umeingia," Bianca akasema.

"Nilikuwa na barafu, Bianca. Yaani, na rasiberi..."

"Nimejitoboa tumbo miaka miwili. Nikalala kwenye vitanda vya baridi miguu hewani, madaktari wa kila rangi wananichungulia. Wewe uliombwa usikalie ubao Jumamosi kumi na mbili. Ubao, Wes! Ukashindwa, kwa sababu unamwogopa baba yako." Sauti haikupanda. Alikuwa anapangusa unga mikononi, kidole baada ya kidole, kisha akachukua funguo za gari kwenye msumari. "Mama, mkate unahitaji dakika ishirini tena. Mimi naenda kwetu."

Wes akapiga hatua kumfuata. Aliogopa. Si aibu tena, aliogopa hasa, kwa sababu alijua Bianca hasemi kitu mara mbili.

"Usiende," Ensio akasema. "Keti."

"Samahani, Baba, sikai."

"Basi sikiliza umesimama. Na wewe, Lempi." Mzee alikuwa ameshika fundo la taulo lake kwa mikono miwili. "Daktari mmoja wa Hancock, yule mzee aliyekuwa na jicho la kioo. Kabla ya Duane. Aliniambia maneno hayohayo. Aliniambia ni sauna."

Lempi akaweka kisu mezani. "Daktari yule alisema wewe huna shida."

"Mimi ndiye niliyekuambia alisema hivyo."

Lempi alikuwa anamtazama mumewe kwa makini, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Miaka sita," akasema. "Miaka sita mama yako alinilisha maini mabichi ya kulungu kila Novemba, Ensio. Mbele ya dada zako. Nikatapika kanisani."

"Najua."

"Alikuambia uniache. Nilisikia, nilikuwa nyuma ya mlango."

"Najua, Lempi."

"Sasa mimi nilipatikanaje?" Duane akauliza. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo ameuliza kitu cha maana.

"Sauna iliungua," Ensio akasema. "Ile ya zamani. Februari. Tukakaa bila sauna mpaka vuli. Januari ukazaliwa wewe."

Hadithi ya moto ule kila Ojala anaijua. Husimuliwa kwenye harusi, kwenye misiba, kwenye ubatizo. Lempi, mke kijana mzembe, aliacha mlango wa jiko la sauna wazi akaenda kuandaa kahawa, ikateketea sauna aliyoijenga babu kwa mikono yake. Shangazi Irma ndiye huisimulia vizuri kuliko wote, huigiza mpaka mwendo wa Lempi akikimbia na ndoo tupu. Lempi mwenyewe hucheka wakicheka. Miaka arobaini na tano anacheka.

"Kwa hiyo Mama alitusaidia," Duane akasema. "Angefunga ule mlango, nisingekuwepo."

"Mlango wa jiko ulikuwa umefungwa," Ensio akasema. "Aliufunga vizuri. Mimi ndiye niliyeingia baada yake. Na mafuta ya taa."

Wes akamsogelea baba yake.

"Ile uliyozaliwa ndani yake?" Wes akauliza.

"Ile niliyozaliwa ndani yake."

"Kwa nini, Baba?"

Ensio akamtazama mwanawe, uso mwekundu, macho ya bluu yamelowa, mwanaume wa miaka sabini na minne na taulo. "Sasa ningemwambiaje baba yangu kwamba siingii?"

Wes alikuwa anamtazama mtu aliyechoma sauna ili asiseme sentensi moja. Alitaka kumcheka, akatamani kumpiga, na zaidi ya yote akaona haya, kwa sababu kama angekuwa yeye, na kama asingepata rasiberi, hakuwa na hakika kwamba asingefikia mafuta ya taa.

Lempi alivua aproni. Aliikunja mara mbili, akaiweka mgongoni mwa kiti. Alifungua kabati akatoa mataulo mawili safi, yale makubwa ya wageni, akampa Bianca moja.

"Twende, mwanangu."

"Wapi, Mama?"

"Sauna. Moto bado upo, na zamu ni yetu." Akamshika mkono, mkono uleule wenye funguo. "Nina mengi ya kukuomba radhi, na mengine nikiyasema hapa nitamrushia mtu sufuria."

Bianca akasita. Akamgeukia Wes, akamtazama kuanzia kwenye nywele mpaka kwenye zile nyayo zenye madoa.

"Nikitoka humo nitakusikiliza," akasema. "Sijasema nabaki. Nimesema nitakusikiliza."

"Sawa," Wes akasema. Hajawahi kusema sawa kwa shukrani kiasi hicho.

Mlangoni Lempi akasimama bila kugeuka. "Ensio."

"Naam."

"Simu iko hapo. Anza na Irma, yeye atawafikishia nusu ya ukoo kabla hujakata. Kisha binamu zako wa Duluth. Kisha mchungaji, yeye huisimulia Krismasi. Uwaambie nani alifungua mlango wa jiko, na kwa nini. Hiyo ya kwa nini usiiruke. Mimi na huyu mtoto tutakaa humo mpaka umalize, na kama ni mpaka kesho, kuni zipo."

Wakatoka. Kupitia dirishani Wes aliwaona wakivuka ua, yule mfupi na yule mwembamba, wameshikana mikono kwa sababu ya utelezi, na mlango wa sauna ukafungwa nyuma yao. Duane alisema anadhani aende nyumbani, kisha akakumbuka suruali yake iko kule ndani.

Ensio akaketi kwenye kiti cha simu, taulo na yote. Alibonyeza namba moja moja. Iliita mara mbili tu, na sauti ya Irma ikajaa jiko zima ikiuliza nani amekufa.

"Hakuna aliyekufa," Ensio akasema. "Irma, keti chini. Ni kuhusu ile sauna." Akafumba macho, akaanza. Wes alivuta kiti akakaa nyuma ya baba yake kungoja zamu yake na simu, akiwaza aanze na nani.